Mshono Kabla ya Rangi

Geti la nyumba husifiwa kwa maua yake. Mwenye nyumba huwaonyesha wageni mikuki ya juu iliyopakwa rangi ya dhahabu, jirani huuliza bei, mpita njia husoma jina la familia lililokatwa kwenye bati. Mahali fundi alipoweka ujuzi wake wote hapatazamwi na mtu. Ni pale pembeni, bawaba inaposhikana na nguzo, penye ukanda wa chuma usiozidi upana wa kidole. Geti zima linaning'inia hapo. Linafunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, watoto wanalipanda, gari linarudi nyuma na kuligonga, na ukanda ule unastahimili miaka nenda miaka rudi. Huo ndio mshono, na ndio ninaotaka kuusifu hapa.

Ukitembea Gerezani, Dar es Salaam, au Kamukunji, Nairobi, au Katwe, Kampala, kazi ya chuma utaisikia kabla hujaiona: grainda inalia, nyundo inagonga, mashine inanguruma. Kwenye vibanda vya namna hiyo ndiko yanakotoka madawati ya shule, vitanda vya deka vya mabweni, grili za madirisha, keria za bodaboda, matela ya trekta na minara ya matangi ya maji. Tunalala juu ya mishono, tunasomea juu ya mishono, tunajifungia ndani kwa mishono. Hata hivyo, wengi bado wanahesabu kuchomelea kuwa kazi ya kijana aliyekosa nafasi ya kuendelea na shule, kazi ya misuli na ya kuzoea moto. Dhana hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kuvaa kofia ya kuchomelea akachungulia ndani. Mshono mzuri ni kazi ya akili iliyotulia. Unadai umakini usiokatika, na kila pale umakini ulipokatika hubaki pameandikwa kwenye chuma, hata fundi mwenyewe akiwa ameshasahau.

Kwa maelezo, jambo lenyewe ni rahisi. Umeme unaruka kutoka ncha ya rodi hadi kwenye chuma kupitia uwazi wa milimita mbili tatu, na katika uwazi huo unazaliwa mwali wenye joto la zaidi ya nyuzi 5,000 za Selsiasi. Chuma cha kawaida cha ujenzi huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Basi chini ya mwali hufanyika kidimbwi cha chuma kioevu ambacho mara nyingi hakifiki sentimita moja na nusu kwa upana. Kingo za vipande viwili huyeyuka pamoja na ncha ya rodi, zikachanganyika, na mwali unaposogea mbele kidimbwi huganda nyuma yake. Kikishaganda, palipokuwa na vyuma viwili pana chuma kimoja. Gundi hushika kwa juu na bolti hubana kutoka nje, lakini mshono huufuta mpaka wenyewe.

Binadamu hakufika hapo kwa siku moja. Wahunzi wa kale waliunganisha vyuma kwa kuvipasha mpaka vikawa vyeupe na kuvipiga nyundo vikiwa vimelaliana. Viwanda vya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 vilitegemea ribiti: MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa na kuunganishwa upya Kigoma, ilishikwa kwa ribiti. Mwaka 1888 mhandisi Mrusi, Nikolai Slavyanov, alitumia fimbo ya chuma inayoyeyuka na kuingia yenyewe kwenye mshono. Kilichobaki kumsumbua kila aliyefuata njia hiyo ni hewa. Chuma kilichoyeyuka hunywa oksijeni na nitrojeni, na kikipoa kinakuwa na vitundu na kuvunjika kirahisi. Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904, ndiye aliyeleta ufumbuzi unaotumika mpaka leo: kuivika rodi gamba la madini. Gamba likiungua hutoa gesi inayoifukuza hewa, na masalia yake huelea juu ya kidimbwi, yakaganda kuwa slagi inayoufunika mshono wakati unapoa.

Rodi za 6013, zile zinazouzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi kwetu kwa majina ya geji 10 na geji 12, zina gamba lenye rutaili kwa wingi. Rutaili ni madini ambayo hata mchanga wa Kwale, pwani ya Kenya, ulikuwa ukichimbwa kuyatoa hadi mwaka 2024. Hata namba ile iliyopigwa chapa kwenye rodi ina lugha yake. Ile 60 ni nguvu ya kuvutwa, pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Ile 1 inasema rodi inakubali kuchomelea kwa mkao wowote, hata juu ya kichwa. Tarakimu ya mwisho inaeleza aina ya gamba na umeme unaoifaa. Fundi anayeijua lugha hiyo haendi dukani kuomba "rodi yoyote iliyopo".

Yote hayo yanapatikana vitabuni. Kisichoingia vizuri vitabuni ni kile kinachoonekana nyuma ya kioo cheusi. Gerezani nilimkuta fundi akiunganisha miguu ya mnara wa tangi, chuma cha pembe chenye unene wa milimita sita, na mshono ulitakiwa upande wima kutoka chini kwenda juu. Aliniazima kofia. Kijana wake, saidia fundi ambaye bado alikuwa mgeni wa kazi, alivaa nyingine akachungulia begani kwake.

Fundi alianza kwa kupunguza umeme wa mashine, maana mshono wa wima ukipewa moto wa mezani humwagika. Akaegemeza kiwiko kwenye goti. Akaikwaruza ncha ya rodi kwenye chuma, mwali ukawaka, akauacha mrefu kwa nukta moja ili mahali pale papate joto, kisha akaufupisha. Dunia yote ikawa giza isipokuwa duara dogo la kijani. Ndani ya duara hilo ncha ya rodi ilikwenda kushoto, ikatua, ikavuka katikati haraka, ikatua kulia, ikapanda kidogo na kurudi kushoto. Kila ilipotua pembeni, chuma kioevu kilitiririka na kuujaza ukingo. Kila ilipovuka katikati bila kuchelewa, kidimbwi hakikupata nafasi ya kuvimba na kudondoka.

"Unatazama nini, dogo?" akauliza bila kusimamisha mkono.

"Moto, fundi."

"Moto achana nao. Tazama nyuma yake. Ule ukingo wa nyuma ukiwa mviringo, uko sawa. Ukiona umechongoka, unakimbia."

"Na ile takataka inayoogelea juu?"

"Slagi hiyo. Ibaki nyuma. Ikikupita mbele, umeizika ndani."

Sijasikia somo la ufundi lililosemwa kwa maneno machache zaidi ya hayo. Mwanafunzi huvutwa na mwali kwa sababu ndio unaong'aa. Fundi hutazama kidimbwi kwa sababu ndicho kitakachobaki. Katika kuhama huko kwa macho, kutoka kwenye kinachong'aa hadi kwenye kinachobaki, ndimo fundi anamozaliwa, na wapo waliochomelea miaka mingi bila kuhama.

Macho yakishatulia, mkono una mambo matano ya kushika kwa wakati mmoja. La kwanza ni umeme. Rodi ya milimita 2.5 hutaka ampea 60 hadi 90, ya milimita 3.2 hutaka 90 hadi 130, kutegemea unene wa chuma na mkao. Umeme ukipungua, rodi inagandia na mshono unakaa juu ya chuma bila kuzama. Ukizidi, kidimbwi kinatawanyika, kinakula kingo na kutoboa bati jembamba. La pili ni urefu wa mwali, ambao haufai kuzidi sana unene wa waya wa rodi. Ukirefuka, matone yanaruka huku na huku na hewa inapenya. La tatu ni pembe. Kwenye mshono wa mezani rodi huinamishwa nyuzi 10 hadi 20 kuelekea inakokwenda, ili msukumo wa mwali uibakize slagi nyuma. La nne ni mwendo, na la tano ni mchezo wa mkono: kama rodi itakwenda moja kwa moja, au itayumbishwa kushoto na kulia, na itatua wapi.

Ugumu wa kweli ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linalokaa mahali pake. Rodi inafupika kadiri inavyoungua, kwa hiyo mkono lazima uteremke kuufuata urefu uleule wa mwali huku ukisogea pembeni kwa kasi ileile, na pembe isibadilike ingawa kiganja kinakaribia chuma. Chuma nacho kinazidi kupata joto, hivyo mwendo uliofaa mwanzoni mwa rodi ni wa polepole mno mwishoni mwake. Fundi hurekebisha yote hayo kwa dakika moja hivi, kabla rodi haijaisha, na kwa mtazamaji wa nje mkono wake unaonekana kama haufanyi lolote.

Sikio nalo lina zamu yake. Mwali wenye urefu sahihi hutoa sauti ya mfululizo, kama mafuta yanayokaanga maandazi. Ukirefuka, sauti inakuwa ya kupuliza. Ukifupika mno, inakatika katika mpaka rodi inaganda. Kwenye karakana zetu sikio hufanya kazi ya ziada, kwa sababu umeme wa mtaani hupanda na kushuka, na mashine nyingi za transfoma zilizosukwa na mafundi wa hapa hapa hazionyeshi ampea popote. Jirani akiwasha mashine yake, mwali unalegea. Fundi anausikia kabla hajauona, anapunguza mwendo, na mshono unapita salama mahali ambapo mwingine angeacha doa.

Kwa kuwa kila kosa lina alama yake, mshono husomeka. Ondoa slagi kwa nyundo, piga brashi ya waya, kisha inama uangalie. Yale mawimbi madogo yanayofuatana ni nyayo za kidimbwi, kila wimbi ni mahali kilipoganda. Yakiachiana nafasi sawa, mkono ulikwenda kwa mwendo mmoja. Yakichongoka, ulikimbia. Mshono uliovimba na kulala juu ya chuma bila kushikana nacho kingoni unasema umeme ulikuwa mdogo au mkono ulijikongoja. Mfereji mwembamba ulioliwa pembeni unasema umeme ulizidi, au fundi alivuka kingo bila kutua. Vitundu vinashtaki mwali mrefu, rodi yenye unyevu au chuma kichafu. Shimo dogo mwishoni linasema rodi ilichomolewa ghafla, kabla fundi hajarudi nyuma kidogo kujaza, na hapo ndipo nyufa nyingi hupenda kuanzia. Hata slagi hutoa ushahidi. Inayong'oka kipande kizima ni dalili njema. Inayong'ang'ania pembeni mpaka ichokonolewe, mara nyingi imenaswa kwenye mfereji.

Kisha kuna yale yanayofanyika kabla moto haujawaka, nayo ndiyo mteja asiyoyalipia kwa moyo mweupe, maana hayaoni. Kutu, rangi na mafuta vinatakiwa kuondolewa mpaka chuma king'ae. Bomba lenye zinki linatakiwa likwanguliwe zinki yake mahali pa mshono. Anayeichoma na kuuvuta ule moshi mweupe anaweza kulala na homa usiku huohuo. Chuma kinene kinachounganishwa ncha kwa ncha huchongwa kingo, kwa kawaida nyuzi 30 hivi kila upande, na kuachiwa uwazi wa milimita mbili hadi tatu ili moto ufike mpaka chini. Bila hivyo, fundi anaweza kuweka mshono wa kupendeza juu ya ufa ambao bado uko pale pale.

Halafu kuna kushikiza: kuweka nukta ndogo za mshono kwenye kona, kupima ulalo wa fremu kutoka kona hadi kona, kusahihisha kwa nyundo, ndipo kuchomelea. Mshono ukipoa hunywea, na unaponywea huvuta. Fundi asiyeliheshimu jambo hilo huanza kona moja akazunguka mpaka alipoanzia, kisha anashangaa fremu imepinda. Anayeliheshimu huchomelea kipande hapa na kipande upande wa pili, mvuto mmoja ukaupinga mwingine. Geti linalokataa kufunga siku ya kwanza kwa kawaida lilipindia karakanani.

Rodi zenyewe zinahitaji malezi. Rodi za 7018, zinazotumika kwenye kazi nzito, zimetengenezwa ili zitoe hidrojeni kidogo sana, na unyevu ndio adui yao. Maji yaliyofyonzwa na gamba huvunjika ndani ya mwali, hidrojeni inaingia kwenye chuma cha moto, na mshono uliopendeza jioni unaweza kupasuka baada ya saa nyingi, wakati mwingine kesho yake au keshokutwa, bila kuguswa na mtu. Ndiyo maana kwenye miradi mikubwa rodi hizo huokwa kwenye tanuri la nyuzi 300 na zaidi, kisha zikatunzwa kwenye joto mpaka zinapotumika. Pakiti iliyoachwa wazi sakafuni masika nzima tayari imeshaharibu kazi ambayo bado haijaanza.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo msifu wa kazi hii hawezi kulikwepa. Je, mshono mzuri kwa macho ndio mshono imara? Mara nyingi ndiyo, kwa sababu mkono uliotulia hutulia nje na ndani. Lakini siyo lazima. Mshono unaweza kupambwa kwa mawimbi ya kuvutia huku haujazama hata milimita moja. Unaweza pia kuwa mbovu, ukasagwa kwa grainda ukawa bapa, ukapakwa puti, ukapigwa rangi, na mteja akatoa pesa akishukuru. Tena kusaga kwenyewe kuna hatari yake: skwea paipu yenye ukuta wa milimita 1.2 haina unene wa kutoa sadaka, na diski inayosawazisha mshono huondoka na sehemu ya ukuta huo. Kizuri chajiuza, walisema wahenga. Hawakutuambia tukinunue bila kukigeuza.

Wenye taaluma wana njia zao za kukigeuza. Kipande cha mfano hukatwa kukingama mshono, kikang'arishwa, kikapakwa asidi iliyozimuliwa. Taratibu uso unabadilika, na mipaka iliyokuwa imefichika inajitokeza: hapa chuma cha asili, hapa ukanda ulioguswa na joto, hapa chuma kilichoyeyuka na kuganda, na mzizi wake umefika wapi. Au kipande hukunjwa kwenye presi mpaka kikawa na umbo la herufi U. Mahali palipoficha slagi hufunguka mbele ya wote. Vipimo hivyo vina haki moja kubwa, kwamba havijali fundi amesoma wapi wala anazungumza vizuri kiasi gani.

Na mshono ukisifiwa, usisifiwe kupita kiasi. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini kuna vilivyoundwa vikaelea, na bado vikapasuka. Tarehe 16 Januari 1943, huko Portland, Marekani, meli mpya ya mafuta iitwayo SS Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imetulia gatini. Meli nyingine za vita zilizoundwa kwa kuchomelewa haraka, zikiwemo za aina ya Liberty, zilipata nyufa vilevile. Wengi walikimbilia kuwalaumu wachomeleaji. Kasoro za mishono zilikuwepo, lakini Constance Tipper wa Chuo Kikuu cha Cambridge alionyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa kikigeuka kuwa cha kukatika ghafla kwenye baridi. Kona kali za milango ya sitaha nazo zilikusanya mkazo mahali pamoja. Kwenye meli ya ribiti, ufa ukifika mwisho wa bamba mara nyingi hukomea hapo. Kwenye meli iliyochomelewa hakuna mwisho wa bamba. Chuma kimekuwa kimoja, na ufa una njia moja kutoka ubavu hadi ubavu. Hayo ndiyo madaraka ya kazi hii: anayeunganisha vitu viwili viwe kimoja ameunganisha na udhaifu wao.

Madaraka hayo yana mtihani wake. Mafundi wa mabomba duniani kote wanaijua 6G: bomba limefungwa likiwa limeinama nyuzi 45, haligeuzwi, na mtahiniwa anazunguka yeye. Kwa mzunguko mmoja anapitia mkao wa chini, wa pembeni, wa wima na wa juu ya kichwa, na pembe ya rodi inabadilika kila sentimita chache. Vijana wetu wanaotafuta kazi za mabomba Ghuba wanautaja mtihani huo kwa heshima. Siku hizi unatajwa karibu na nyumbani pia, kwa sababu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Bomba la namna hiyo ni mishono elfu kwa elfu, na mmoja tu ukivuja, shamba la mtu limeharibika. Ndiyo maana mishono ya mabomba hukaguliwa kwa miale ipenyayo chuma au kwa mawimbi ya sauti, na unaokataliwa hukatwa ukaanza upya.

Watu hufikaje huko? Vyuo vipo: VETA kwa Tanzania, NITA na madaraja yake ya mtihani wa ufundi kwa Kenya. Karakana za mtaani nazo zimelea mafundi wengi kwa mtindo wa kutazama begani. Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana. Chuo hutoa sababu na karakana hutoa saa za mkononi, na mshono unadai vyote viwili. Kijana anayetaka kuboresha mkono wake hahitaji geti la mteja kujifunzia. Vinamtosha vipande vya chuma chakavu, mistari ya chokaa ya kufuata, na nidhamu ya kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja: leo umeme, kesho mwendo, na kila baada ya mistari michache kukata na kuangalia ndani. Anayebadilisha mambo matatu kwa mpigo hatajua ni lipi lililomsaidia.

Sifa hizi zote zingekuwa unafiki kama ningenyamazia gharama. Mwali hutoa miale ya urujuanimno inayounguza macho kwa dakika chache tu, na saa kadhaa baadaye, usiku wa manane, fundi anaamka akihisi mchanga chini ya kope. Miwani ya jua haimkingi. Kinachofaa ni kioo cha namba 10 au 11 kwa kazi ya kawaida ya rodi, mikono mirefu, viatu vilivyofunika mguu, na upepo wa kuondoa moshi kabla haujafika kifuani. Waya uliochubuka kwenye sakafu yenye maji unaweza kuua. Nimesikia mafundi wakijisifu kwamba wao huchomelea kwa kufumba macho. Mtu anayefumba macho haoni kidimbwi, na asiyeona kidimbwi anabahatisha. Kumkinga fundi na kupata mshono bora ni jambo lilelile.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwako, mteja, kwa sababu ubora wa mishono ya mtaa hupandishwa au kushushwa na wanaolipa. Ukiagiza geti, grili au mnara wa tangi, nenda karakanani kabla ya rangi. Uliza unene wa chuma na aina ya rodi. Omba kuonyeshwa bawaba, kona na kila mahali patakapobeba uzito, na uangalie kama mawimbi yanafuatana, kama kingo hazikuliwa, kama mwisho wa mshono umejazwa. Usimkimbize fundi kisha umdai utulivu. Usimpunje bei ya rodi nzuri kisha ulalamike geti limeanguka. Ukikuta mshono uliotulia, mwambie umeuona, mlipe anachostahili kwa wakati, na umpe jirani namba yake ya simu. Mafundi wa namna hiyo wapo mitaani kwetu, na kazi zao zitazidi kuwa bora siku tutakapoanza kuzikagua.